Mbona paka kashonwa jicho? Jibu langu kuhusu kitabu cha picha, pudini na oda za sikukuu

Mleta uzi umeuliza hivi: sikukuu imebaki wiki mbili, oda za kushona zimekujaa, na bado unataka kumtengenezea mwanao kitabu cha picha kwa mkono wako na kufanya kitindamlo nyumbani. Kitabu cha mwaka jana ulikibandika kwa gundi mgongoni, kikaachia kurasa kabla wageni hawajaondoka. Uache kipi? Wadau wengi wamekujibu uache kitabu, ukanunue. Mimi nashona mikoba na foronya kwa oda, mwaka wa tisa huu, na nasema usiache chochote. Acha tu kupanga kazi kwa umuhimu wake, zipange kwa muda wa kukauka.

Kazi zetu nyingi zina saa ambazo mikono haitakiwi kabisa. Gundi inakauka, pudini inaganda, jalada liko chini ya mzigo linanyooka. Zamani nilikuwa nazianza kazi hizo mchana, kisha nashindwa kuziacha. Nachungulia, nabonyeza kwa kidole nione kama bado mbichi, na kidole chenyewe ndicho kinachoharibu. Siku hizi kila kinachotaka kusubiriwa nakianza usiku, cherehani ikishafunikwa, kisubiri huku nimelala. Mchana nawaachia wateja, akiwemo yule anayebadilisha rangi ya mkoba ukiwa umeshakatwa. (Kila fundi anaye wake.) Oda mpya nafunga siku 10 kabla ya sikukuu, na hapo sina huruma hata kwa shoga yangu.

Sasa kitabu, maana ndiko ulikoumia.

Vitabu vingi vya picha vya madukani vina kurasa 32. Si kwamba hadithi zote za watoto zina urefu mmoja. Karatasi kubwa ya mtambo ikichapwa pande zote mbili na kukunjwa, kurasa hutoka kwa mafungu ya 8, 16 au 32. Wewe huna mtambo, usijitwishe 32. Karatasi 4 za A4 ukizikunja katikati na kuziingiza moja ndani ya nyingine unapata kurasa 16, na kwa mtoto mdogo zinatosha sana.

Kabla ya kuchora chochote, kunja karatasi chafu 4 hivyohivyo, zipe namba, kisha zifungue. Utakuta ukurasa wa 1 uko ubavuni mwa wa 16, wa 2 uko na wa 15, mpaka wa 8 na wa 9 pale katikati. Kila jozi ukijumlisha ni 17. Mwaka wangu wa kwanza niliona hayo ni mambo ya wasomi. Nikachora karatasi moja moja kwa mfuatano kama mtu anayeandika barua, nikashona, na kuku akataga mayai kurasa mbili kabla ya kuingia kwenye hadithi.

Hicho kitabu cha karatasi chafu ndicho pia kitakachokuonyesha hadithi inapumulia wapi. Swali liweke ukurasa wa kulia, jibu liwe nyuma yake. "Nani kajificha chini ya kitanda?" iwe ukurasa wa 5, mwenyewe atokee wa 6. Ukiviweka viwili hivyo uso kwa uso, mtoto ameshaona jibu kabla hujamaliza kusoma swali. Na ukishachora mvua usiandike "mvua inanyesha", anaiona. Andika "Mama aliniambia nibebe mwavuli", halafu usiuchore mwavuli. Wangu alicheka hapo mpaka akakaa chini.

Kuhusu kurasa kuachia: gundi mgongoni inashika ukingo mwembamba tu wa karatasi, na mtoto hafungui kitabu, anakipasua. Shona. Uzi (wa sindano, si huu) uupitishe kwenye nta kwanza, urefu mara tatu ya kitabu. Toboa matundu matatu kwenye mkunjo kwa shazia, moja katikati, mawili yakiwa vidole viwili kutoka kila ncha. Ingia tundu la kati ukitokea ndani, ukiacha mkia. Rudi ndani kwa tundu la juu, shuka moja kwa moja mpaka la chini ukiliruka la kati, toka nje, halafu rudi ndani kwa la kati. Sasa una ncha mbili, na kati yake umepita ule uzi mrefu. Zifunge fundo juu yake. Basi. Robo saa, na hakitoki. Pini za stepla kwa mtoto wa chini ya miaka 3 mimi sitaki hata kuziona, wala vifungo na shanga za kubandika. Umri huo kila kitu kinaonjwa.

Kuna jambo moja ambalo sijaona likitajwa humu. Karatasi ina mwelekeo wa nyuzi, kama kitambaa tu. Ikunje kidogo bila kuivunja, huku na huku; upande unaokubali kwa ulaini ndio mkunjo wake. A4 za kawaida nyingi nyuzi zake zinafuata urefu, kwa hiyo ukizikunja nusu unazivunja, na kitabu kinakaa mdomo wazi. Nunua A3 zenye nyuzi za urefu, kata katikati. Unapata A4 zinazokunjika vizuri na kulala.

Jalada la kadibodi ndilo kazi ya usiku. Gundi ina maji. Karatasi ikilowa inatanuka, ikikauka inajikunyata na kuvuta kadibodi upande wake. Ukibandika nje tu, asubuhi unakuta jalada limepinda kama kigae. Bandika na ndani usiku huohuo ili pande mbili zivutane sawa, tanguliza plastiki safi isigandane na kurasa, weka vitu vizito juu, ukalale. Usichungulie.

Kitindamlo nacho kichague kwa kipimo hichohicho. Keki ya krimu inakudai siku yenyewe, saa ambayo kila mtu anakuita. Pudini ya karameli inataka ifanywe jana yake, na ikifanywa siku hiyohiyo inakuadhibu. Yeyusha sukari gramu 100 na maji vijiko 2 vya chakula. Usikoroge, zungusha sufuria tu, la sivyo inarudi chenga. Ikifika rangi ya asali nzito mimina kwenye bakuli la kuokea, maana ukingoja zaidi itaendelea kuungua yenyewe na kuwa chungu. Hatua hii mtoto akae mbali, sukari hiyo ina moto kuliko maji yanayochemka. Yeye mpe mayai 4 apige na sukari gramu 80. Ongeza maziwa ya vuguvugu mililita 500, chuja, mimina juu ya karameli. Bakuli likae ndani ya sinia lenye maji ya moto, oveni nyuzi 150, dakika 45 hadi 60. Mayai na maziwa huanza kushikana karibu na nyuzi 80, na yale maji hayavuki 100, kwa hiyo yanazuia pudini isichemke na kutoboka kama sifongo. Itoe kingo zikiwa zimeshika na katikati bado inatetemeka.

Halafu friji usiku kucha. Ile karameli iliyokauka kama kioo inanyonya unyevu polepole na kuwa mchuzi. Nilishawahi kuipindua baada ya saa mbili, nusu ya karameli ikabaki bakulini na pudini ikatoka na upara.

Kwa hiyo wiki zako mbili: jioni mbili za karatasi chafu, jioni saba au nane za picha, moja ya kushona, moja ya jalada, na ya mwisho ya pudini. Gundi na mayai visikae meza moja. Nimeshakuta kipande cha uzi mwekundu kwenye kijiko cha mgeni, na mgeni naye alikiona.

Umesema pia hujui kuchora. Mimi vilevile. Nakata maumbo kwenye mabaki ya vitambaa na kuyabandika kwa gundi nyembamba. Paka wangu alitoka hivyo, mzuri kweli, nikamtandaza kurasa za 8 na 9 kwa kujidai, nikasahau kwamba pale katikati ndipo uzi unapoonekana. Sindano ikapita palepale. Mtoto akauliza, "Mbona paka kashonwa jicho?" Nikambandikia paka kiraka cheusi juu ya jicho nikidhani nimejiokoa. Sasa hivi natengeneza cha mwaka huu, na nimepewa masharti: mbuzi awe na kiraka, kobe awe na kiraka, na samaki wote saba wa ukurasa wa 12 nao pia.