Bass ilivyokua, na ilivyouzwa

Mkuu, umeuliza iliwezekanaje Bass, iliyowahi kuwa kampuni kubwa kuliko zote za bia duniani, ibaki jina tu kwenye chupa.

Anza na maji. William Bass alikuwa msafirishaji wa mizigo kabla ya kufungua kiwanda cha bia Burton upon Trent, mji wa Uingereza, mwaka 1777, na maji ya visima vya mji ule yana jasi nyingi. Hutoa bia angavu, yenye uchungu safi. Vita vya Napoleon vilipoziba soko lao la Baltiki, watengenezaji wa Burton wakageukia India, na bia yao ikahimili safari ndefu ya meli. Kufikia 1877 Bass ilipika mapipa kama milioni moja kwa mwaka. Pembetatu yake nyekundu ndiyo nembo ya biashara ya kwanza kusajiliwa Uingereza, 1876; mchoraji Mfaransa Manet aliichora kwenye picha yake ya baa ya Paris!

Katika karne ya 20 Bass ilimeza kampuni nyingine za bia: Worthington, kisha Charrington mwaka 1967. Nguvu ilikuwa baa zake, maelfu kwa maelfu. Mwaka 1989 serikali ikabana idadi ya baa ambazo kampuni ya bia ingeweza kuzimiliki na kuzilazimisha kuuza bia yake. Kwangu mimi, uti wa mgongo ulivunjika hapo. Wakurugenzi wa Bass walishaingia kwenye biashara ya hoteli za Holiday Inn, na mwaka 2000 viwanda vya bia vikauzwa kwa kampuni ya Interbrew ya Ubelgiji. Mamlaka ya ushindani ikaingilia, Coors, kampuni ya bia ya Marekani, ikachukua kiwanda cha Burton, jina la Bass likabaki kwa Wabelgiji. Utengano huo unaniuma mpaka leo.