Maswali ya Wasomaji: Nywila ni sahihi, mbona mafaili hayafunguki?

Safari hii tumechagua maswali ya wanaofungua mafaili ya AFS kwa dirisha la amri. AFS ni mfumo wa mafaili wa mtandao uliozaliwa Chuo Kikuu cha Carnegie Mellon, Marekani, miaka ya 1980. Kazi ya kumtambua mtumiaji inafanywa na Kerberos, iliyotoka chuo cha MIT: unaandika amri ya kinit na nywila yako, nayo inakupa tiketi, yaani kibali cha muda. Katika majibu, MFANO.AC.TZ ni jina la kuelezea tu. Wewe weka la taasisi yako.

Nina laptopu yenye Windows na Linux. Kila nikiandika kinit naambiwa "Clock skew too great while getting initial credentials". Nywila nimeshaibadilisha mara mbili. Saa ya kompyuta inalingana kabisa na ya simu yangu. Tatizo ni nini?
*Msomaji, Nzuguni, Dodoma*

Nywila yako haina kosa, usiibadilishe tena. Kwa kawaida Kerberos huvumilia tofauti ya dakika 5 tu kati ya kompyuta yako na seva inayotoa tiketi. Kila ujumbe unagongwa muhuri wa saa, ili mtu akiunasa njiani asiweze kuutumia baadaye kujifanya wewe. Ukizidisha dakika hizo, seva inakukatalia hata kama kila kitu kingine ni sahihi.

Sasa hiyo saa "inayolingana". Kerberos haiangalii saa unayoiona kwenye kona ya skrini, inaangalia UTC, yaani saa ya kimataifa, na Tanzania iko saa 3 mbele ya UTC. Tuseme kompyuta imewekewa ukanda wa UTC, nawe ukaisogeza kwa mkono isomeke 10:00 kwa kuwa ni saa nne asubuhi. Kwa macho iko sawa. Lakini kompyuta inaamini UTC ni 10:00 wakati ukweli ni 07:00. Umekosea kwa saa 3 nzima, na hutaligundua kosa hilo kwa kutazama simu.

Andika `timedatectl` usome mistari mitatu: Local time, Universal time na Time zone. Universal time lazima iwe nyuma ya saa yako kwa saa 3. Kama sivyo:

`sudo timedatectl set-timezone Africa/Dar_es_Salaam`
`sudo timedatectl set-ntp true`

Usitafute Dodoma kwenye orodha ya kanda, haimo. Nchi nzima inatumia hiyo ya Dar es Salaam.

Kwako kuna jambo la pili. Windows huandika saa ya hapa nyumbani kwenye saa ya ubao mama, Linux ikiwaka inaisoma kana kwamba ni UTC. Ndiyo maana ukitoka Windows kuingia Linux unajikuta umeruka saa 3, na ukirekebisha kwa mkono unaharibu upande wa pili. Ukiwa na mtandao, amri ya pili hapo juu itainyoosha yenyewe baada ya muda mfupi. Subiri hadi `timedatectl` iseme "System clock synchronized: yes", ndipo ujaribu kinit. Ikigoma kusema hivyo ukiwa ofisini, mwulize mtu wa TEHAMA kama mlango wa UDP 123 umefungwa.

Na kwa wenye kompyuta kuukuu ambayo kila umeme ukikatika inarudi miaka kadhaa nyuma: betri ya ubao mama imekwisha. Ni ile ya duara kama sarafu, kwa kawaida CR2032 ya volti 3. Badilisha.

Saa yangu iko sawa, kinit imekubali, klist inaonyesha tiketi. Lakini nikifungua folda yangu napata "Permission denied". Nimekosea wapi?
*Msomaji, Kondoa*

Umeishia katikati ya njia. Tiketi ya Kerberos peke yake AFS haiitambui, inataka tokeni, na tokeni inapatikana kwa kuionyesha ile tiketi. Amri ni hizi, kwa mpangilio huu:

`kinit jina@MFANO.AC.TZ`
`aklog -c mfano.ac.tz`
`tokens`

Jina la himaya ya Kerberos, lile baada ya `@`, kwa kawaida ni herufi kubwa, na Kerberos inatofautisha kubwa na ndogo. Ukiliandika kwa herufi ndogo, mara nyingi utajibiwa "Cannot find KDC for realm" (KDC ni ile seva inayotoa tiketi). Jina la seli ya AFS (eneo la mafaili la taasisi), baada ya `-c`, ni herufi ndogo. Unapoandika nywila hakuna nyota wala nukta zitakazotokea, na kinit ikifanikiwa kwa kawaida haisemi kitu. Wengi hudhani imekwama.

Amri ya `tokens` ndiyo shahidi wako. Ukiona mstari wenye AFS ID na neno Expires, umeingia. Ukiona vichwa vitupu tu, huna tokeni. Soma saa zake vizuri: Expires 18:10 ni saa kumi na mbili na dakika kumi jioni.

Naacha programu ichambue takwimu za mvua za Dodoma na Singida usiku kucha, matokeo yaandikwe kwenye AFS. Asubuhi nakuta imekufa na faili ni tupu.
*Msomaji, Manyoni*

Taasisi nyingi hutoa tiketi ya saa 10. Ukiikata saa kumi na moja jioni, saa tisa usiku imekwisha, na tokeni inakufa nayo. Kuanzia hapo seva inaiona programu yako kama mpita njia asiyejulikana. Kwa nini faili tupu? Kwa kawaida AFS hukusanya unachoandika kwenye diski ya kompyuta yako na kukipeleka kwa seva pale faili linapofungwa. Likifungwa bila tokeni hai, kazi ya usiku mzima inaweza kupotea.

Dawa ya haraka ni kuandika matokeo kwenye diski ya hapohapo, kisha asubuhi unafanya kinit na aklog, ndipo unakili. Kwa kweli hata sisi tunaipendelea hii, maana haitegemei mtandao kusimama usiku kucha.

Ukilazimika kuandika AFS moja kwa moja, omba kwa msimamizi faili la keytab, linalobeba ufunguo wa akaunti ili programu isihitaji kuandikiwa nywila, lifungie kwa `chmod 600` ili wewe tu ulisome, uliweke kwenye diski yako, kisha:

`k5start -f kazi.keytab -U -t -K 30 -- ./chambua.sh`

Kila dakika 30 k5start inakagua tiketi na kuihuisha inapokaribia kwisha, na `-t` inaifanya iendeshe aklog pia. Hilo la pili ndilo watu husahau wanapotumia `kinit -R`: kuhuisha tiketi hakuongezi umri wa tokeni. Keytab ina uzito uleule wa nywila, usimtumie mtu kwa WhatsApp. Na ukibadilisha nywila, keytab ya akaunti hiyo haitafanya kazi tena.

Kompyuta ya ofisi tunaitumia watu wanne. Nikiandika kdestroy kabla ya kuondoka inatosha?
*Msomaji, Ipagala, Dodoma*

Haitoshi. kdestroy inafuta tiketi, tokeni inabaki. Andika `unlog` pia, kisha `tokens` uhakikishe patupu.

Nimempa mwenzangu folda kwa chmod 777, bado hawezi kuisoma.
*Msomaji, Mpwapwa*

Kwenye AFS, chmod ya folda haiamui nani aingie. Anayeamua ni orodha ya ruhusa ya folda. Itazame kwa `fs la`, halafu mpe:

`fs sa data jinalake rl`

Herufi r ni kusoma, l ni kuona orodha ya mafaili. Akitaka kuandika, mpe `rlidwk`. Mpe l kwenye folda za juu pia, la sivyo hatafika chini. Ruhusa hii haishuki kwenye folda ndogo zilizokuwepo tayari, itabidi uirudie kwa kila moja. Folda mpya zitairithi. Kwa haraka usiweke `system:anyuser`: huyo ni mtu yeyote anayeweza kuifikia seli yenu, hata asiye na tokeni.