Pa kuingilia unapajua. Pa kutokea je?

Maswali yenu ya safari hii kuhusu kununua na kuuza hisa au sarafu yamefanana mno: karibu yote yanahusu mlango wa kuingilia sokoni, yaani wakati wa kununua. Nimeyajibu kwa kuanzia mlango wa pili, ule wa kutokea.

Biashara zangu sita kati ya kumi zinafaulu, lakini akaunti inapungua. Nibadilishe kiashiria, yaani hesabu ya chati inayoniambia lini niingie?

Kiache, hakina kosa. Chukua kalamu. Ukishinda mara sita, kila mara 100, una 600. Ukishindwa mara nne, kila mara 200, zimekwenda 800. Umepatia mara nyingi kuliko ulivyokosea, na bado kuna pengo la 200. Mwenzako anayepatia mara nne tu, lakini akaiacha faida ifike 300 na kukata hasara kwenye 100, anabaki na 600. Huenda mliingia dakika ileile.

Mbona faida naichuma ikiwa mbichi, halafu hasara naikumbatia?

Hauko peke yako. Watafiti Hersh Shefrin na Meir Statman waliieleza tabia hii mwaka 1985. Mwaka 1998 mtafiti mwingine, Terrance Odean, akachapisha uchunguzi wa akaunti 10,000 za wawekezaji wa Marekani: kati ya faida walizoweza kuzivuna, walivuna asilimia 14.8; kati ya hasara, walikata asilimia 9.8 tu. Kinachouma zaidi ni kilichofuata. Katika mwaka mmoja baadaye, hisa walizouza kwa faida zilizishinda zile za hasara walizong'ang'ania kwa wastani wa asilimia 3.4 hivi. Waliuza ng'ombe wa maziwa wakabaki kumlisha asiyekamuliwa.

Ndiyo maana nasema pa kutokea paandikwe kabla ya kuingia. Fedha zikishakuwa ndani, akili hugeuka wakili wa hasara. Mimi mwenyewe niliwahi kuisogeza amri ya kukata hasara, yaani agizo la kunitoa bei ikifika kikomo nilichokitaja, mara tatu kwa siku moja, kila mara nikiwa na sababu nzuri kabisa.

Basi niingie kwa kurusha sarafu tu?

Umenitega, ila swali ni zuri. Treda (mnunuzi na muuzaji wa sokoni) Mmarekani Tom Basso alilijaribu jambo hilo: aliingia kwa bahati nasibu, akatoka kwa kikomo cha hasara kinachoifuata bei kadiri faida inavyokua, na kiasi cha kuhatarisha akakidhibiti. Mfumo ule ulitoa faida, ingawa si ya kujivunia.

Hata hivyo sikushauri. Mahali unapoingilia ndipo panapopima umbali wa kutokea. Tuseme bei imekuwa ikigota kwenye 48 na kurudi juu, nawe unalenga 60. Ukinunua kwenye 50, na kikomo chako kiko 48, unahatarisha 2 kutafuta 10. Ukichelewa ukanunua kwenye 54, unahatarisha 6 kutafuta 6. Hapo kosa la kuingia limeshaharibu kutoka.

Kikomo cha hasara nikiweke umbali gani?

Si umbali wa fedha unazoweza kuvumilia. Soko haliujui mfuko wako. Wanafunzi wa matreda Wamarekani Richard Dennis na William Eckhardt, wanafunzi hao wakiwa maarufu kama Turtles, waliofundishwa miaka ya 1983 na 1984, walipima kwanza bei hutikisika kiasi gani kwa siku, kwa wastani wa siku 20, kisha wakakiweka kikomo mara mbili ya kiasi hicho. Soko likiwa na vurugu, walinunua kidogo zaidi ili hasara isizidi waliyoipanga. Katika mmoja wa mifumo yao, waliingia bei ilipovuka kilele cha siku 20 zilizopita, na wakatoka iliposhuka chini ya bonde, yaani bei ya chini kabisa, la siku 10. Mlango wa kutokea ulikuwa karibu kuliko wa kuingilia.

Nikishakiweka, niko salama?

La. Tarehe 15 Januari 2015 benki kuu ya Uswisi iliacha ghafla kuulinda ukomo wa faranga 1.20 kwa yuro moja. Bei iliruka, na amri nyingi za kukata hasara zikatekelezwa mbali kabisa na pale zilipowekwa. Kikomo hukutoa kwa bei inayopatikana, ambayo si lazima iwe ile uliyoitaja.

Nimetoka, bei ikaendelea kupanda. Nirudi?

Ukipata sababu ambayo ungeingilia hata kama hukuwahi kuwamo, rudi. Kama sababu ni kwamba imekuuma, funga chati.