Rafiki wa mazingira kwa kipimo gani? Majibu kwa wasomaji wa Nyanda za Juu Kusini

Maswali yaliyonifikia majuma haya yanatoka Mbeya, Iringa, Mafinga, Njombe na Tukuyu, na karibu yote yanahusu maneno machache yaliyochapwa kwa rangi ya kijani juu ya vifungashio. Nimeyafupisha bila kubadili maana yake. Naanza na lile la mifuko, kwa sababu mfuko wenyewe ninao hapa mezani.

Mama, nina duka la rejareja Mwanjelwa. Mifuko mbadala ninayouziwa kwa jumla imeandikwa “rafiki wa mazingira, si plastiki”. Mteja wangu mmoja, mwalimu, amesisitiza kuwa ni plastiki. Nani yuko sahihi?

Mwalimu yuko sahihi. Mfuko ule unaofanana na kitambaa umetengenezwa kwa nyuzi za polipropilini, ambayo ndiyo plastiki ya viroba vya mahindi. Tofauti ni kwamba nyuzi hizi hazikufumwa, bali zimebanwa kwa joto mpaka zikashikana. Huu ulio mbele yangu ni wa kijani, una picha ya jani, na nilipoukwangua pembeni kwa ukucha ulitoa unyoya mwembamba kama wa pamba. Nimeusogeza unyoya huo kwenye kiberiti: haukuungua ukawa majivu kama uzi wa pamba, bali ulijikunja, ukayeyuka na kuacha kitone kigumu cheusi. Unaweza kulifanya jaribio hilo mbele ya anayekuuzia.

Kwa hiyo maneno “si plastiki” ni uongo, ingawa mfuko wenyewe haujakatazwa. Serikali ilipopiga marufuku mifuko ya plastiki ya kubebea bidhaa kuanzia tarehe 1 Juni 2019, mfuko wa aina hii uliruhusiwa kwa masharti, likiwemo la uzito usiopungua gramu 70 kwa mita ya mraba na la kuonyesha anwani ya mtengenezaji. Sababu ya sharti la uzito ni kwamba faida yote ya mfuko huu imo katika kurudiwa. Ukiwa mwepesi kiasi cha kuchanika kabla mnunuzi hajafika Kabwe kupanda daladala, basi ni rambo ileile kwa sura nyingine, tena yenye plastiki nyingi zaidi. Huu wangu hauna anwani ya mtu yeyote.

Wengine wameniuliza kama mfuko wa pamba ndio jibu. Mwaka 2018 wakala wa mazingira wa Denmark ulitoa hesabu kwamba mfuko wa pamba ya kawaida unahitaji kutumika walau mara 52 ili uwe sawa na mfuko mwepesi wa plastiki kwa upande wa gesi zinazoongeza joto duniani peke yake, na kama mara 7,100 ukijumlisha madhara mengine yote yaliyopimwa. Hesabu hiyo haikuhusisha mifuko inayotupwa ovyo, ikaziba mitaro au kuliwa na ng’ombe, na kwetu hilo ndilo lililoleta marufuku, hivyo haitufai kuichukua nzima nzima. Inachotuonyesha ni kwamba hakuna mfuko mpya usio na gharama. Kikapu cha milulu kilichokwisha kuwamo nyumbani, hata kama mpini wake umeshonwa mara mbili, kinaushinda mfuko wowote unaonunuliwa leo.

Shikamoo mama. Nasoma chuo hapa Iringa. Nimeona vikombe na mifuko iliyoandikwa “inaoza yenyewe”. Ukiitupa shambani inaoza kweli?

Marahaba, mwanangu. Neno “inaoza” halina maana mpaka mtu akwambie inaoza wapi, katika joto gani na kwa muda gani. Kipimo cha Ulaya kwa vifungashio vinavyoweza kugeuzwa mboji hudai kwamba baada ya wiki 12 angalau asilimia 90 ya kifungashio iwe imesagika kiasi cha kupita kwenye chekeche la milimita 2. Lakini kipimo hicho hufanyika katika mazingira ya mitambo ya mboji, ambako joto hufika karibu nyuzi 58 za Selsiasi. Udongo wa Iringa haufiki huko, achilia mbali Makete ambako Juni na Julai kunaanguka barafu. Watafiti wa Chuo Kikuu cha Plymouth, Uingereza, walieleza mwaka 2019 kwamba mifuko iliyouzwa kama ya kuoza, baada ya kukaa ardhini na baharini miaka mitatu, bado iliweza kubeba manunuzi.

Kuna na aina nyingine inayotiwa kiambato cha kuifanya imeguke haraka juani. Umoja wa Ulaya uliikataza kuanzia Julai 2021, kwa kuwa kumeguka si kuoza. Mimi mwenyewe nilifukia mfuko mmoja wa namna hiyo bustanini, Uyole, na nilipolima msimu uliofuata niliukuta umekuwa vipande vya ukubwa wa ukucha vilivyochanganyika na udongo. Mfuko mzima ningeuokota. Vile vipande nilishindwa, na vingine bado vimo kwenye tuta la mboga.

Sisi huku Njombe tunauziwa bidhaa yenye maneno “kila ukinunua pakiti moja, tunapanda mti mmoja”. Je, si jambo jema?

Linaweza kuwa jema, lakini uliza kwanza ni mti gani, unapandwa wapi, nani atautunza baada ya kupigwa picha, na kama usingepandwa hata bila wewe kununua. Swali la mwisho lina uzito wa pekee kwenu, kwa sababu Njombe na Mufindi watu wanapanda misonobari na milingoti (mikaratusi) kama wanavyopanda mahindi: ni akiba, ni ada ya mtoto, ni nguzo za umeme na mbao za kuuza. Sina ugomvi na biashara hiyo, ambayo imejenga nyumba nyingi. Ila mti uliokuwa upandwe kwa ajili ya msumeno usihesabiwe mara ya pili kama zawadi kwa mazingira.

Mahali nako kuna maana. Mlingoti una kiu, na ukipandwa bondeni penye vinyungu, chemchemi iliyokuwa ikinywesha mboga za kiangazi inaweza kupungua. Sheria ya Usimamizi wa Mazingira ya mwaka 2004 inalinda mita 60 kutoka kwenye vyanzo vya maji, na wanaokarabati vyanzo hivyo hupanda mivengi, miti ya asili, badala ya milingoti. Kampuni inayosema “mti mmoja” bila kutaja aina wala eneo inaweza kuwa imepanda mvengi penye chemchemi, au mlingoti katikati ya kinyungu, nasi hatuna namna ya kujua.

Halafu kuna jambo ambalo tangazo halilisemi kabisa: bidhaa yenyewe imetengenezwaje? Mwaka 1986 Mmarekani Jay Westerveld aliandika kuhusu hoteli iliyowaomba wageni warudie taulo zao ili kulinda matumbawe ya bahari, wakati hoteli yenyewe ikiendelea kujipanua, na ndiye aliyelipa udanganyifu huu jina linalotumika duniani, “greenwashing”. Mti wa kwenye pakiti unafanya kazi ya taulo ile, kwa maana kitendo kidogo kinawekwa mbele ili kikubwa kisiangaliwe. Ndiyo sababu sheria ya Umoja wa Ulaya ya mwaka 2024, itakayoanza kutumika tarehe 27 Septemba 2026, inakataza kumwambia mnunuzi kwamba bidhaa haina madhara kwa hali ya hewa kwa hoja tu kwamba hewa ukaa yake imefidiwa kwingine, kwa mfano kwa kupanda miti.

Alama ya pembetatu ya mishale chini ya chupa inamaanisha chupa imerejelezwa?

Hapana. Namba iliyo ndani yake, kuanzia 1 hadi 7, inataja aina ya plastiki tu. Utaratibu huo ulianzishwa na wenye viwanda vya plastiki wa Marekani mwaka 1988. Haisemi kwamba chupa imerejelezwa wala kwamba hapo ulipo kuna mtu atakayeirejeleza. Chupa ya soda ya kioo, ambayo mwenye duka haruhusu uondoke nayo bila kuacha chupa nyingine, haihitaji alama yoyote ili irudi kiwandani.

Nauza chakula Mafinga. Nimeanza kutumia mkaa mbadala wa maranda, na mfuko wake umeandikwa “hauna moshi, hauna madhara”. Ni kweli? Na gesi ya mitungi, je, ni safi?

Dada, umefanya vizuri kuachana na mkaa wa msituni. Tanuri la udongo la kienyeji hula kati ya kilo tano na kumi za kuni ili kutoa kilo moja ya mkaa, wakati maranda ya mashine za mbao yamelundikana hapo Mafinga na mara nyingi huchomwa bure. Kama kweli mkaa wako umetokana na maranda, kusema kwamba hakuna mti mpya uliokatwa kuna msingi, na mtengenezaji aliye karibu unaweza kumtembelea ukajionea.

Maneno “hauna madhara” ndiyo yanayonitisha. Mkaa wowote unaowaka, wa msituni au wa maranda, hutoa kaboni monoksidi, hewa isiyoonekana wala kunusika, na kutokuwa na moshi hakuiondoi. Katika baridi ya huko watu huingiza jiko ndani ili kuota moto, wanafunga mlango na madirisha, wanalala, na wapo wasioamka. Mtu akisoma kwamba mkaa huu hauna madhara ataingiza jiko chumbani kwa watoto akiwa na amani moyoni. Pikia mahali penye hewa, jiko lisilale ndani, na tafadhali waambie wateja wako.

Umeuliza pia kuhusu gesi. Mkakati wa taifa wa 2024 hadi 2034 unalenga asilimia 80 ya Watanzania watumie nishati safi ya kupikia, na gesi ya mitungi ni nafuu kubwa kwa mapafu ya mpishi na kwa misitu. Hata hivyo nayo huchimbwa ardhini kama petroli na haijirudishi, kwa hiyo “safi” hapa inahusu jikoni kwako.

Nina miti ya parachichi Tukuyu na sijawahi kutumia dawa wala mbolea ya dukani. Naweza kuandika “kilimo hai” kwenye maboksi?

Mzee wangu, naamini maneno yako, lakini mnunuzi wa mbali hakujui wewe. Afrika Mashariki ina kiwango chake cha kilimo hai tangu mwaka 2007, na alama yake ni Kilimohai. Wakulima wadogo wanaweza kuipata kwa pamoja kupitia kikundi ambacho wanachama wake hukaguana mashamba na kuweka kumbukumbu, jambo lenye gharama ndogo kuliko kumleta mkaguzi wa nje. Kwa kuanzia, wasiliana na TOAM, shirika la kilimo hai nchini. Kabla ya hapo andika lile unaloweza kulionyesha, yaani shamba lilipo na mbolea uliyotumia, na uache “asilia” na “salama kwa mazingira”. Hata kiwango cha kimataifa cha ISO 14021 kinakataza madai ya jumla ya aina hiyo.

Nikikuta dai la uongo, niende wapi?

Sheria ya Ushindani ya mwaka 2003 inakataza kumpotosha mlaji, na msimamizi wake ni Tume ya Ushindani, FCC. Suala la ubora na viwango lipeleke TBS, Shirika la Viwango, na la mifuko iliyo chini ya kiwango NEMC, wasimamizi wa mazingira, ambao wana ofisi ya kanda Mbeya. Nenda na kifungashio chenyewe, risiti, na jina la duka na tarehe uliyonunua. Nawe mama wa Mwanjelwa, kabla ya kulipia mzigo ujao, mwombe muuzaji wa jumla akuonyeshe cheti cha TBS cha mifuko hiyo, ulinganishe jina lililomo na lile lililochapwa kwenye mfuko.