Shangazi, tangu mke wangu ashike hela haniheshimu

"Shangazi, shikamoo. Nina miaka 41, naishi Kigamboni na mke na watoto wawili. Nilikuwa dereva wa kampuni, mwaka jana wakatupunguza. Mke wangu anakaanga vibua kituoni jioni. Sikatai, kodi ya miezi sita kalipa yeye, lakini tangu ashike hela amebadilika. Nyumba inanuka samaki, saa tatu usiku keshalala, nikimgusa anasema amechoka. Wiki moja ana hela, wiki nyingine anasema samaki hakuna. Najua ananificha, maana nimemkuta usiku anahesabu noti gizani. Jumatano ndiyo hasemeshwi kabisa. Mama ananiambia nioe mwingine mwenye heshima. Nifanyeje? Baba wa Wawili."

Marahaba, mwanangu. Pole kwa kazi. Mwanamume aliyezoea kuacha hela ya mboga mezani kila asubuhi, akiamka mfuko mtupu anaumia, na hilo sikulaumu. Pole yangu inaishia hapo. Barua yako nimeisoma mara tatu, na kila nikiirudia namwona mkeo anahangaika, wewe sijaona unafanya nini kuanzia asubuhi mpaka jioni.

Anaamka saa ngapi? Hukuandika. Nitakuambia mimi, kwa sababu wanawake hao navuka nao. Alfajiri wapo kwenye pantoni na ndoo zao, nauli ya kivuko wameifunga kwenye pindo la khanga. Feri, kwenye soko la samaki ng'ambo, mkeo anasimama mnadani, miguu kwenye maji ya samaki, anagombania ndoo moja na wachuuzi wenye mitaji mikubwa kuliko wake. Akirudi anapara, anatumbua, anatia chumvi, anawasha mkaa. Jioni yote yuko mbele ya karai. Leo usiku mshike mkono umtazame kuanzia kiwiko kushuka chini. Utakuta madoa ya mafuta yaliyomrukia, mengine bado mekundu, mengine yameshakuwa meusi. Chini ya kucha utakuta magamba. Mtu wa namna hiyo kulala saa tatu ni haki yake.

Sasa hela. Vibua huvuliwa usiku kwa taa. Wavuvi wanawasha taa baharini, samaki wanakusanyika kwenye mwanga, ndipo wavu unazungushwa. Mwezi ukiwa mpevu bahari nzima ina mwanga, samaki hawaifuati taa, na wavuvi wengi wanapumzika. Siku hizo bei inapanda, mwenye mtaji mdogo anarudi na nusu ndoo au mikono mitupu. Kusi likivuma kwa nguvu napo ni shida. Kwa hiyo akikuambia samaki hakuna, toka nje uangalie juu. Wewe ni mtu wa Kigamboni, bahari iko mlangoni kwako. Ulipaswa kulijua hili kabla ya kumfanya mkeo mwizi.

Lakini Jumatano ndiyo iliyonishtua. Nawajua wanawake wengi ambao wana siku moja kwa wiki hawasemeshwi, na karibu wote ni siku ya marejesho. Ile mikopo ya vikundi ambayo mitaani inaitwa kausha damu: mmoja akishindwa kulipa wenzake wanambebea, halafu wanakuja nyumbani kubeba televisheni na magodoro. Sina ushahidi juu ya mkeo. Ila kodi ya miezi sita inalipwa kwa mkupuo, na samaki wa kukaanga wanalipwa mojamoja. Ile hela ilitoka wapi? Uliwahi kuuliza, au ulishukuru Mungu mwenye nyumba hakugonga ukaendelea kulala? Mtu anayehesabu noti gizani naogopa anatafuta kilichopungua kabla ya Jumatano, na anazima taa ili wewe usijue ukakosa usingizi.

Mama yako nampa shikamoo yake, lakini hapa amekosea. Utaoa kwa mahari ya nani, na huyo mgeni atalishwa na nani? Kwa hela ya vibua? Wahenga walisema usiache mbachao kwa msala upitao. Hilo wazo lifute leo.

Na hili silisemi kwako peke yako. Ndoa za siku hizi tumerithi maneno ya wazee bila kipato chao. Tunasema mwanamume ni kichwa cha nyumba, wakati nyumba nyingi za mjini zimeshikiliwa na genge la nyanya, cherehani na karai la samaki. Mwanamke anatafuta kutwa, akirudi anakuta vyombo vya asubuhi vinamsubiri, na mume kakaa barazani anasubiri chakula na heshima. Wanaume wanaona kuosha sufuria ni kujishusha. Mwaka 1983, katika kesi ya Bi Hawa Mohamed na Ally Sefu, Mahakama ya Rufani ya Tanzania ilikubali kwamba kazi za nyumbani za mke ni mchango katika kupata mali ya ndoa. Ikiwa mikono ya mwanamke jikoni ni jasho mbele ya majaji, basi na yako ni jasho. Osha vyombo, mwanangu. Fua sare za watoto. Kazi ya udereva endelea kuitafuta, lakini usiitafute ukiwa umekaa.

Kesho aamke akukute umeshavaa. Ndoo ubebe wewe mpaka kwenye pantoni, na kama unaweza vuka naye, ukauone huo mnada. Samaki jifunze kupara, kisu hakichagui mwanamume wala mwanamke. Jioni mchemshie maji ya kuoga, weka na limau la kusugua mikono, maana hiyo harufu unayolalamikia hata yeye haipendi, anakosa tu nguvu ya kuitoa. Mwambie ahsante kwa kodi. Iseme watoto wakisikia.

Halafu watoto wakishalala, usimgusie habari ya kuoa wala ya mama. Kaa karibu naye umuulize kwa upole: "Marejesho yamebaki mangapi?"