Muulize Fundi: Simu Imesema Baba Amepona

*Shikamoo Fundi. Baba yangu ana miaka 67 na ana presha tangu mwaka 2016. Anatumia amlodipine ya miligramu 10, kidonge kimoja kila asubuhi. Mwezi uliopita kaka yangu aliyeko Muscat alimtumia simu mpya yenye programu ya kupima afya kwa uso. Unajitazama kwenye simu nusu dakika, hakuna mkanda wala sindano, halafu inakuletea mapigo ya moyo, pumzi, presha, hata kiwango cha msongo wa mawazo. Baba akapima, ikaandika 118 kwa 76. Jioni akarudia, 119 kwa 77. Tangu siku hiyo ameacha dawa, anasema akili mnemba imethibitisha kwamba amepona, na sasa anawapima majirani pale kibarazani. Leo ni siku ya kumi na mbili. Mimi naogopa, kaka anasema ni ushamba. Je, hiki kitu kinapima kweli?*
Binti Mkubwa, Tabata, Dar es Salaam

Marahaba mwanangu. Mambo ya mashine yasubiri kidogo, mgonjwa kwanza. Mpeleke mzee kliniki kesho asubuhi, na pakiti ya vidonge vyake iwe mfukoni. Asimeze viwili viwili kufidia alivyoruka. Waliomwandikia ndio watakaomwambia aanze vipi. Na ikitokea kabla ya hapo kichwa kikamuuma ghafla kwa nguvu, mdomo ukaenda upande, ulimi ukawa mzito, mkono au mguu mmoja ukakosa nguvu, au kifua kikabana, msingoje kliniki. Ni hospitali papo hapo, hata kama ni saa nane usiku.

Tena mwambie jambo moja ambalo naona limemdanganya kuliko hiyo simu. Amlodipine haitoki mwilini upesi. Ukiiacha leo, kesho na keshokutwa bado imo ndani inafanya kazi yake. Zile siku za mwanzo alizojiona mzima bila dawa, dawa ilikuwa bado naye.

Sasa mashine. Mimi si daktari. Nimekaa miaka 31 kwenye karakana ya vifaa tiba ya hospitali moja ya mkoa nikitengeneza mashine za presha, kuanzia zile za zebaki mpaka hizi za betri, basi nitasema ya kifundi.

Nimtendee haki kaka yako: kamera kuona mapigo ya moyo si uongo. Moyo ukipiga, damu huongezeka kidogo kwenye vimishipa vya uso, na damu hufyonza mwanga, hasa ule wa kijani. Kwa hiyo kila pigo linapofika, paji la uso na mashavu hufifia chembe, kisha hurudi. Jicho haliwezi kuona. Badiliko lenyewe halifiki hata sehemu moja kwa mia. Lakini kamera ya simu hupiga picha kama 30 kwa sekunde. Kwa nusu dakika hizo ni picha 900, na kompyuta ikilinganisha rangi yake inapata wimbi linalopanda na kushuka. Hesabu vilele, umepata mapigo. Mwaka 2008 Wim Verkruysse na wenzake wa Chuo Kikuu cha California, Irvine, walionyesha kwamba kamera ya kawaida na mwanga wa kawaida vinatosha kabisa kwa kazi hiyo. Kile kibanio cha kidoleni, oksimita, ambacho sote tulikizoea wakati wa korona, ni ndugu wa damu wa mbinu hii, tofauti ni kwamba chenyewe kina taa yake na kimeng'ang'ania kidole.

Presha ni habari nyingine. Chukua mpira wa kumwagilia bustani. Ukiutazama kwa mbali unaweza kuona unavyotikisika kila pampu inaposukuma, ukahesabu na misukumo. Nguvu ya maji yaliyomo ndani hutaijua mpaka uubane. Mkanda wa mkononi ndio kubana kwenyewe: unaminya mshipa mpaka damu inasimama, kisha unalegea polepole, na mashine inasikilizia damu inapoanza kupenya. Kamera haijabana kitu. Hiyo akili mnemba (au akili unde, iteni mpendavyo) imelishwa nyuso nyingi za watu waliopimwa pia kwa mkanda, ikatafuta uhusiano kati ya umbo la wimbi na presha. Uhusiano upo, ila ni hafifu, na pengo linajazwa kwa kitu kingine.

Kitu gani? Nilimwomba mjukuu wangu aniwekee programu moja ya aina hiyo. Kabla ya kunipima ikaniuliza umri, jinsia, urefu, uzito, na kama navuta sigara. Nikajaza ukweli: miaka 64, kilo 83. Saa nne asubuhi, kibarazani, ikaniambia 134 kwa 84. Nikafuta, nikajiandika kijana wa miaka 24 mwenye kilo 60. Kiti kilekile, shati lilelile, dakika tatu baadaye: 116 kwa 73. Mapigo ya moyo hayakuhama, 71 kisha 72. Unaona mchezo ulivyo? Mapigo iliyasoma usoni kwangu. Presha iliisoma kwenye fomu. Na mkanda wangu, ambao huwa naulinganisha na wa kliniki, ulisema 148 kwa 90.

(Mjukuu hakuishia hapo. Akaielekeza simu kwenye picha ya marehemu baba yangu pale ukutani. Ikasita, ikalalamika mwanga hautoshi, hatimaye ikampa mapigo 77. Mzee alifariki mwaka 1989. Bibi yake hakuupenda utani huo hata kidogo.)

Mwambie kaka yako ajaribu hivyo hivyo kwenye simu yake: abadilishe umri tu, asibadilishe kingine, kisha akuletee majibu.

Utauliza mbona zinauzwa na watu wanazisifu. Ni kwa sababu wazima wengi wasio na tatizo presha yao huzunguka 120 kwa 80. Fundi mvivu anaweza kumwandikia kila anayepita 119 kwa 77, akawapatia wengi, na akawakosa walewale waliomhitaji. Hili limeshatokea. Kulikuwa na programu Marekani iliyoitwa Instant Blood Pressure; hiyo haikutazama uso, uliweka kidole juu ya kamera na simu kifuani. Ilinunuliwa zaidi ya mara laki moja. Mwaka 2016 watafiti wa Johns Hopkins waliilinganisha na mashine ya kweli wakakuta kwamba kati ya watu waliokuwa na presha ya juu, karibu wanne katika kila watano waliambiwa wako salama. Za uso zimekuja baadaye na zina hesabu nzuri zaidi, sikatai. Utafiti wa mwaka 2019 uliofanywa na watu wa Toronto na wa China ulipima watu 1,328 kwa video ya uso na majibu yalipendeza. Ila watu wote 1,328 walikuwa na presha ya kawaida, na wenye ngozi nyeusi sana hawakuwamo. Yaani baba yako hakuwamo, si kwa presha yake wala kwa rangi yake.

Hilo la rangi lina uzito kwetu. Melanini, ile rangi ya asili inayoifanya ngozi kuwa nyeusi, nayo hufyonza mwanga kabla haujafika kwenye damu. Kinachorudi kwenye kamera ni kidogo, na lile wimbi dogo linazama ndani ya chenga za picha. Sisi mafundi tulishaonywa na oksimita. Desemba 2020 madaktari wa Michigan waliandika katika New England Journal of Medicine kwamba miongoni mwa wagonjwa ambao kibanio kiliwasomea oksijeni ya damu ya asilimia 92 hadi 96, karibu 12 katika kila 100 wa weusi walikuwa kwa kweli chini ya 88. Kwa wazungu hawakufika 4. Na hicho ni kifaa kilichobana kidole, chenye taa yake, ndani ya wodi. Sasa fikiria uso ulio nusu mita kutoka kwenye simu, kivulini, ndevu zimefunika mashavu, kofia imeshuka mpaka kwenye nyusi, na mzee mwenyewe anaongea na jirani.

Si kwamba kamera hizi hazina mahali pake. Huko Oxford watafiti wamezielekeza kwa watoto njiti, ambao ngozi yao huchubuka unapobandua plasta ya waya. Hapo nasema hongera kwa moyo mweupe. Na mwaka 2021, mamlaka ya dawa ya Marekani ilipoidhinisha kamera ya kampuni ya Oxehealth ya Uingereza, ilikuwa kwa mapigo ya moyo na pumzi, mtu akiwa ametulia chumbani. Presha haikuwamo. Wataalamu wa presha wa Ulaya, katika mwongozo wao wa mwaka 2023, wamekataza vifaa visivyo na mkanda visitumiwe kugundua presha wala kuamua dawa.

Mnunulieni mzee mashine ya mkanda wa mkono wa juu. Bei yake haikaribii ya hiyo simu. Akae dakika tano kimya, mgongo umeegemea, nyayo zote sakafuni asikunje nne, mkono juu ya meza usawa wa moyo. Awe ameshakojoa, na kahawa au sigara iwe imepita nusu saa. Asiongee. Apime mara mbili, dakika moja katikati, asubuhi na jioni kwa siku saba, aandike kwenye daftari alipeleke kliniki. Kwa vipimo vya nyumbani, wastani ukifika 135 kwa 85 hiyo ni presha ya juu.

Simu msimnyang'anye, ataikasirikia dawa zaidi. Lakini wale majirani wa kibarazani wafuate mmoja mmoja, uwaulize nani mwingine ameacha vidonge vyake.

*Fundi, hujambo? Kazini kwetu ni ghala, na wameweka tableti pale langoni. Kila asubuhi unasimama mbele yake, inasoma uso, halafu msimamizi anaona kama uko sawa. Wiki jana mwenzetu alirudishwa nyumbani bila malipo ya siku, eti mashine imesema ana msongo mkubwa. Tunaweza kukataa?*
Kibarua, Changamwe, Mombasa

Sijambo. Huo msongo nitakueleza unavyopatikana, ndipo utacheka au utalia. Mashine hutazama nafasi kati ya pigo na pigo. Moyo uliotulia hauendi kama saa ya ukutani. Nafasi huongezeka na kupungua kidogo. Zikilingana sana, programu inaandika msongo. Sasa mtu aliyeteremka kwenye matatu akakimbilia lango lisifungwe, au aliyekunywa kahawa tupu alfajiri, au aliyekesha na mtoto mgonjwa, nafasi zake nazo hubadilika. Na kamera ikikosea pigo moja au mawili ndani ya nusu dakika, hesabu nzima imeharibika. Kumkata mtu mshahara kwa hilo ni sawa na kumkata kwa ndoto aliyoota meneja.

Sheria yenu ya Ulinzi wa Data ya mwaka 2019 inaziweka taarifa za afya katika kundi la taarifa nyeti. Mwajiri anapaswa kuwaambia anakusanya nini, kwa sababu gani, na anampa nani. Nyinyi mna haki ya kuona alichonacho kuhusu ninyi. Andikeni barua moja, wote mtie sahihi, mkiuliza: video za nyuso zetu zinatunzwa wapi na kwa muda gani? Ni daktari gani anayesoma majibu? Na asiyetaka kupimwa hufanywaje? Barua isipojibiwa, malalamiko yapelekeni kwa Ofisi ya Kamishna wa Ulinzi wa Data. Usidhani ni kelele za bure. Mwaka 2023 watu walipanga foleni Nairobi kupigwa picha za mboni na Worldcoin kwa ahadi ya sarafu za mtandaoni. Agosti serikali ikasimamisha zoezi, na Mei 2025 Mahakama Kuu ikaamuru data hizo zifutwe. Wasomaji wa Tanzania nao wana sheria yao ya mwaka 2022, iliyoanza kufanya kazi Mei 2023, na Tume yake ipo.

Mkiandika barua, wekeni nakala mahali pasipo kazini.

*Je, kuna programu ya uso inayopima sukari? Nimechoka kujichoma.*
Mama wa Watatu, Mwanza

Matangazo yapo, kipimo hakuna. Februari 2024 mamlaka ya dawa ya Marekani ilitoa onyo hadharani kuhusu saa na pete zinazodai kupima sukari bila kutoboa ngozi: haijaidhinisha hata moja. Uso hauna njia ya mkato ambayo kidole hakina. Pole sana dada yangu. Choma pembeni ya ncha ya kidole, si katikati kwenye nyama, na uhame kidole kila siku. Hapo maumivu hupungua.