Naitwa Mistry, na sioni haya tena

Juzi dada mmoja wa Kisumu kanitumia meseji, naye ni Mistry, anaolewa Disemba na anataka kujua jina letu lina maana gani kabla hajaliacha. Najibu hapa maana wengi mmeuliza.

Mistry ni fundi. India ukisema mistri watu wanaelewa seremala, mwashi, hata fundi wa magari. Na neno lenyewe limetoka kwa Wareno, mestre, yaani bingwa wa kazi, wale walikuwa wameshika Diu tangu 1535 na Daman tangu 1559, hukohuko pwani ya Gujarat, mpaka 1961 walipotolewa. Na si ndo haohao walituachia meza na leso hapa Mombasa!

Lakini mimi nilikuwa naficha. Fomu tuu nikiulizwa nasema ni neno la Kizungu, mystery, maana yake siri. Sababu ni harusi ya binamu yangu, mama mmoja wa upande wa bwana harusi alisema mbele ya watu, "hawa ni maseremala tu," na baba akanyamaza, akaendelea kushika sahani yake. Miaka ishirini na kitu na bado yaniuma.

Shangazi ndo alinifungua macho. Akaniambia babu alizaliwa Suthar, ambayo kwa Kigujarati ni seremala vilevile, akajiandikisha Mistry alipopata pasipoti. Kumbe watoto wa kakake wanaoitwa Suthar ni damu yetu kabisa, na kuna Mistry Waparsi, wale Wahindi wenye asili ya Uajemi, ambao hatuna undugu nao hata kidogo. Kwa hivyo usikimbilie jina, uliza wazee, uliza walitoka kijiji gani, tazama pasipoti za zamani, halafu uliza wazee tena. Wale wa intaneti wanaokuuzia ngao ya ukoo waache.

Na jamani tuache kuonea haya majina ya kazi! Lokhandwala ni mtu wa vyuma, Daruwala ni wa pombe, na wanatembea kifua mbele. Wewe mkono wa babu yako ndo ulikulisha, unauficha wa nini?

Dada wa Kisumu, muulize babako babu yake alitengeneza nini. Wangu alitengeneza milango, miwili bado iko Mji wa Kale, naipita kila Ijumaa nikienda sokoni na huwa naigusa.